Kiasi cha Kuamini

Yuko mtu asemaye uongo, na yuko mtu achaguaye katika kweli nyingi ile imfaayo. Huyu wa pili ni wa hatari zaidi, maana hana neno la kukanushwa. Hata katika hesabu huingia.

Tutwae mfano wa Bariadi, makao makuu ya Simiyu, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012. Katika nchi hii ya pamba mito mingi hukauka wakati wa kiangazi, na pampu ya kisima huwa tegemeo la kijiji. Tuseme pampu 10 za namna moja zimejaribiwa mwaka mzima, wala haikuharibika hata moja. Je, pampu nyingine za namna hiyo zaweza kutumainiwa kwa kiasi gani?

Tukitaka mpaka wa chini ambao twaweza kuuamini mara 95 katika 100, kanuni nyepesi ya wanafunzi hujibu kwamba pampu 100 katika 100 zitadumu mwaka. Haikuona kosa, basi haioni hofu. Kanuni ya Wilson, ya mwaka 1927, husema si chini ya 79. Ile ya Clopper na Pearson, ya mwaka 1934, hushuka mpaka 74. Pampu ni zile zile. Majibu ni matatu.

Kanuni ya kwanza yafaa kuachwa hapa, kwani majaribio 10 hayawezi kuzaa yakini. Hizi mbili zina heshima zao. Ya Clopper na Pearson hutimiza ahadi yake daima: haikosi zaidi ya mara 5 katika 100. Ya Wilson huikaribia ahadi hiyo, mara nyingine ikaivunja, lakini haina hofu nyingi. Wala hofu si wema sikuzote: pampu njema ikikataliwa kwa hofu, kijiji hubaki bila maji.

Basi achague nani? Muuzaji atapenda 79, mkaguzi 74. Mimi naona lipo swali la kutangulia: hesabu ikikosea, nani atabeba ndoo kwenda mbali? Kwa ajili ya huyo, ambaye hakuulizwa, afadhali ahadi isiyovunjwa. Na kanuni ichaguliwe kabla ya pampu ya kwanza kujaribiwa. Achaguaye baada ya kuona matokeo hapimi tena pampu. Apima haja yake mwenyewe.