KUUNGA UDUGU, NA SAFARI YA WAZEE WAENDAO BARA

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyewaumba wanadamu kwa nafsi moja, kisha akawatawanya katika nchi, wanaume na wanawake. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na sahaba zake wote. Ama baad.

Imekuwa desturi katika miji ya pwani, mtu afikapo miaka 60 akastaafu kazi na akapewa kiinua mgongo chake, la kwanza analolifikiri ni nyumba: kuiezeka upya, au kuiongeza chumba. La pili ni Hija, kwa mwenye uwezo. Na haki ingekuwa Hija itangulie. La tatu ni kufunga safari, yeye na mkewe, kwenda bara kuwatazama watoto na wajukuu. Safari hiyo ni njema na sheria imeisifu. Lakini ndani yake limo jambo ambalo wasafiri wengi hulifunika chini ya mizigo yao, nalo lataka kufunuliwa.

Mfano wake ni kama mzee wa Tanga, aliyekuwa karani bandarini, na mkewe aliyekuwa mwalimu wa skuli. Mtoto wao mkubwa yuko Kigoma, na wajukuu wawili hawajapata kuwaona kwa macho. Wazee hao wakafunga nazi, na papa mkavu, na doti za kanga za mkwe wao, wakakata tiketi za basi. Njia yao ni Chalinze, na Morogoro, na Dodoma, na Manyoni, kisha Tabora, ndipo Urambo na Kaliua na Uvinza hata waifikie Kigoma. Na hapo Tabora akaa nduguye yule mzee, wa baba mmoja na mama mbalimbali. Hawajaamkiana tangu alipokufa baba yao na shamba la minazi likagawanywa.

Mkewe akamwuliza, “Bwana, Tabora hatushuki tukamwamkia shemeji?”

Akajibu, “Basi halingoji mtu, mke wangu. Na tiketi zetu ni za Kigoma.”

Mkewe akasema, “Tiketi hukatwa na mkono wa mtu, bwana.” Kisha akanyamaza, kwa kumstahi mumewe.

Na basi husimama Tabora. Abiria hushuka, wakala, wakatawadha, wakanyosha miguu. Mwenye kutaka kushuka na mzigo wake hakuna amzuiaye.

Wala udhuru wa umbali haumfai mtu wa leo. Mwaka 1857, mwezi wa Juni, Waingereza wawili, Burton na Speke, waliondoka pwani ya Bagamoyo pamoja na wapagazi na watu wa Mrima. Hawakuuona mji wa Ujiji ila Februari 1858. Ni miezi minane ya homa na kiu. Na kwa njia ile ile watu wa pwani walikwenda na kurudi, wakaoa huko, wakazaa, wakajenga misikiti. Ndiyo sababu hata leo katika Tabora na Ujiji zipo nyumba zenye jamaa zao Bagamoyo na Tanga na Unguja. Kisha reli ya kati ikafika Kigoma mwaka 1914, na miezi ikawa siku. Tena mwaka 2024 treni ya umeme ikaanza kwenda Dar es Salaam hata Dodoma kwa saa chache. Waliotembea kwa miguu walijuana, na wanaopita kwa gari hawaamkiani! Hakika ni jambo la kustaajabisha.

Tazameni, enyi ndugu Waislamu, mwanzo wa Sura ya Nisaa. Katika aya ya kwanza Mwenyezi Mungu amewaamuru watu wamche Yeye, na akautaja udugu wa tumbo pamoja na jina Lake, ili wauchunge. Hazipiti aya nyingi ila huanza kutajwa mafungu ya mirathi: wa kiume na wa kike, mzazi na mtoto, mume na mke. Kisha mafungu hayo yakaitwa mipaka ya Mwenyezi Mungu, na mwenye kuiruka akaogopeshwa moto. Udugu na urithi vimewekwa karibu namna hii, na kila mwenye kukaa barazani ajua kwamba ndugu wengi hawakugombana ila siku ya kugawa.

Na Mtume (S.A.W.) amebainisha ni nani aungaye udugu. Katika hadithi aliyoipokea Bukhari kwa Abdalla bin Amr, hakumhesabu katika hao mtu alipaye wema kwa wema aliotendewa. Bali ni yule ambaye jamaa zake wamkatapo, yeye huwaunga. Basi mzee apitaye Tabora amefumba macho, akateremka Kigoma kwa mwanawe ampendaye na ampelekeaye fedha kila mwezi, amefanya jambo zuri, lakini mtihani wake ulikuwa kituo cha nyuma. Na katika hadithi nyingine, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, si halali kwa Mwislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu, wakutanapo huyu akageuka huku na yule akageuka kule. Na mbora wao ni yule aanzaye salamu. Siku tatu! Na wako waliohamana miaka 20, na kila Ijumaa wamo katika safu ya kwanza.

Safari ya wazee kuwaendea jamaa ina asili katika Kurani yenyewe. Nabii Yaakub (A.S.), naye ni mzee aliyepofuka kwa kulia, aliondoka jangwani na watu wa nyumba yake yote kwenda Misri kwa mwanawe Yusuf. Na Kurani yasema kuwa Yusuf aliwapokea wazazi wake wawili, akawaambia waingie Misri kwa amani, akawapandisha juu ya kiti cha enzi. Wafasiri wamekhitalifiana kama yule mwanamke alikuwa mama yake au mama yake mdogo. Lakini kwamba walikwenda pamoja, mume na mke, ni wazi. Na ndugu waliomtupa kisimani walikuwapo wamesimama. Yusuf alipozihesabu neema za Mola wake mbele ya baba yake, alitaja kutolewa gerezani, wala hakukitaja kisima. Wanavyuoni wamesema kuwa alikiacha makusudi, asiwatahayarishe nduguze. Na ugomvi wao akautia juu ya Shetani, kwamba ndiye aliyechochea baina yake na wao. Mwenye kuingia nyumba ya nduguye baada ya miaka, na ajue kisima cha kutokitaja.

Ama hukumu za njiani, wengi wa pwani ni wafuasi wa Imamu Shafi, nao wapaswa kuzijua kabla ya kupanda gari. Safari ya marhala mbili, nayo ni kilomita 80 na kitu, yampa ruhusa msafiri kupunguza Adhuhuri, Alasiri na Isha kuwa rakaa mbili mbili, na kukusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha. Magharibi na Alfajiri hazipunguzwi. Hapunguzi mpaka awe ameziacha nyumba za mji wake. Na akisali nyuma ya imamu mwenyeji, husali kamili. Na akinuia kukaa siku nne kamili mahali, mbali na siku ya kufika na siku ya kuondoka, ruhusa humwondokea hapo afikapo. Kwa hiyo mzee aliyekusudia kukaa mwezi Kigoma, huko husali rakaa nne.

Tena kabla ya kuondoka huandika wasia wake, na hulipa deni, au humwonyesha mwenye deni wa kumlipa. Na hapa ndipo penye uzito wa mambo. Ikiwa katika lile shamba yule mkubwa alichukua zaidi ya fungu lake, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwako pwani na hati zilikuwa mkononi mwake, basi huko kuzuru peke yake hakumtoshi. Watoto wa kiume wa baba mmoja ni sawa katika mirathi ya baba, hata mama zao wakiwa mbalimbali. Na aliyeko bara hapungukiwi fungu kwa kuwa mbali. Doti ya kanga haifuti minazi ya mtu. Sharti haki irudi, na mavuno yaliyoliwa yahesabiwe, mbele ya sheikh ajuaye faraidh na mashahidi wawili. Au mwenye haki asamehe kwa ridhaa yake, baada ya kuambiwa hesabu yote, si kwa kufichwa. Na ikiwa aliyedhulumu ni yule wa Tabora, mzee ana haki ya kudai, lakini hana ruhusa ya kuikata salamu.

Basi na ashuke Tabora, yeye na mkewe, mchana, si usiku wa manane. Na amtangulize mkewe kwa salamu za wanawake, kwani mara nyingi wake za ndugu hawakuwa na ugomvi ila walirithishwa. Asikae zaidi ya siku tatu za ugeni akamtia mwenyeji wake katika dhiki. Na pengine mlango hautafunguliwa. Muslim amepokea kwa Abu Huraira kuwa mtu mmoja alimshitakia Mtume (S.A.W.) jamaa zake: awaunga nao wamkata, awatendea wema nao wamtendea ubaya. Akajibiwa kuwa, kama ndivyo asemavyo, ni kana kwamba awalisha majivu ya moto, na msaada wa Mwenyezi Mungu hautamwacha maadamu yuko katika hali hiyo. Mzee aliyefungiwa mlango na aache salamu kwa jirani, apande basi la jioni aende zake Kigoma akawaone wajukuu wake. Na wakati wa kurudi, tiketi aikate ya Tabora.