Sifuri Isiyosemwa na Mtu

Kila mwezi unapokwisha, katika zahanati na vituo vya afya vya wilaya ya Mbozi, kuanzia kata ya Iyula hadi vijiji vilivyo kandokando ya barabara kuu iendayo Tunduma, muuguzi huketi na vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, akajumlisha. Amepima wajawazito, amezalisha, amechanja watoto, na sasa kazi yote hiyo lazima iingie kwenye visanduku vya fomu moja. Kisanduku kimojawapo kinauliza idadi ya watoto wachanga waliofariki. Anaweza kuandika 2. Anaweza kuandika 0. Anaweza kupiga kistari. Anaweza pia kukiacha kitupu, kwa sababu kitabu cha leba kilikuwa kwa mwenzake aliyekwenda semina, au kwa sababu hakuna kifo kilichotokea na kwake yeye kisichotokea hakiandikwi.

Mtu anayeijua zahanati hiyo akiiona fomu ataelewa, au walau atauliza. Shida huanza kisanduku hicho kinapofika mahali pasipo na mtu wa kuuliza.

Tanzania Bara takwimu hizo huingia katika DHIS2, mfumo ambao chimbuko lake ni Afrika Kusini ya miaka ya 1990, ukakuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo pamoja na washirika wake, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikiwa mmojawapo. Kufikia mwaka 2013 ulikuwa umesambazwa wilaya zote. Umeandikwa kwa Java, na programu ya Java huwa haikabidhiwi kompyuta moja kwa moja. Huendeshwa ndani ya mashine pepe, ambayo huigawia kumbukumbu, huifagilia mabaki isiyoyahitaji tena na huizuia isiguse pasipo pake. Ndani ya mfumo huo kumepachikwa lugha nyingine ndogo ya kuandikia kanuni. Mtaalamu wa takwimu za afya, asiyejua Java hata kidogo, huitumia kuandika kiashiria, kanuni ya uhakiki au onyo litakalojitokeza mbele ya mhudumu. Lugha hiyo ni mgeni katika nyumba ya Java: anakula kwa mwenyeji na kulala kwa mwenyeji, lakini amekuja na desturi zake.

Desturi zao hazigongani sana kwenye mambo yaliyopo. Namba 12 ni 12 pande zote mbili. Hugongana kwenye kisichokuwepo.

Mifano si ya kubuni, na mtu mwenye kompyuta anaweza kuijaribu leo. Ndani ya Java, ukichukua thamani tupu iitwayo null ukaitaka ijumlishwe kama namba, mashine pepe hukataa na programu husimama. Lua, lugha iliyozaliwa Brazil mwaka 1993 na inayopenda sana kupachikwa ndani ya programu nyingine, nayo hukataa, tena husema wazi kwamba umejaribu kufanya hesabu na kitu kisichokuwepo. JavaScript ina aina mbili za utupu. Ya kwanza, null, ukiiongeza 1 unapata 1, bila lalamiko lolote. Ya pili, undefined, ukiiongeza 1 unapata alama yenye maana kwamba jibu si namba. Java ilikuja na injini ya JavaScript ndani yake tangu toleo la 6 la mwaka 2006, ikaibadilisha kwa Nashorn mwaka 2014, kisha ikaiondoa mwaka 2020. Kwa miaka yote hiyo, skripti iliyoiomba ramani ya Java thamani ambayo haimo ilijibiwa null. Mwandishi wa skripti aliyetegemea undefined alikagua utupu usio wenyewe, na hesabu ikaendelea kana kwamba mambo ni shwari.

Hitilafu za namna hii ndizo zinazochosha kuzitafuta. Programu ikivunjika huacha ushahidi: ujumbe, mstari, orodha ya nani alimwita nani. Hapa hakuna kilichovunjika. Logi ya seva ni safi kabisa.

Katika DHIS2 jambo hilo lina sura inayogusa mwili wa mtu. Kanuni za programu, zile zinazotumika kumfuatilia mgonjwa mmoja mmoja, zina kawaida ya msingi iliyoelezwa katika mwongozo wake: kigezo cha namba kisichojazwa huchukuliwa kuwa 0. Tuseme mtaalamu ameandika kanuni nyepesi, kwamba kama wingi wa damu wa mjamzito uko chini ya 7, onyo la upungufu mkubwa wa damu litokee na mama apewe rufaa. Kiwango hicho cha gramu 7 kwa desilita ndicho kinachotambuliwa na Shirika la Afya Duniani. Sasa kipimo kimekwisha zahanati, mama hakupimwa, sehemu ile imeachwa wazi. Sifuri iko chini ya 7. Mama mzima wa afya, aliyetembea mwenyewe hadi kliniki, anaonyeshwa kwenye simu ya mhudumu kuwa hana damu mwilini.

Upande wa pili ni mbaya zaidi, kwa kuwa hauonekani. Kanuni nyingine inasema onyo litoke presha ya juu ikifika 140. Mama ambaye presha yake haikupimwa anahesabiwa kuwa na 0, na 0 haifiki 140. Skrini inakaa kimya. Mhudumu anausoma ukimya huo kama habari njema, na mama anarudi nyumbani na kifafa cha mimba kinachonyemelea.

Dawa ipo, na ni fupi. Kanuni huanza kwa kuuliza kama thamani ipo, kwa amri iitwayo d2:hasValue, ndipo ilinganishe. Anayetafuta hitilafu naye ana njia yake: huandaa rekodi tatu za majaribio, moja yenye wingi wa damu 11, moja yenye 0 iliyoandikwa kwa makusudi, na moja isiyojazwa kitu, kisha hupitisha kanuni ile ile kwa zote. Rekodi ya pili na ya tatu zikitoa jibu moja, amepata mahali ambapo utupu ulibadilishwa kuwa namba. Inafaa arudie jaribio hilo kwenye simu na kwenye kompyuta, kwa maana kwa miaka mingi kanuni hizi zilisomwa na injini ya JavaScript kwenye kivinjari na injini ya Java kwenye simu na seva. Maandishi yalikuwa yale yale, wasomaji wawili.

Kazi ya fundi inaishia hapo. Swali haliishii hapo. Ile sifuri ya wingi wa damu ni kauli: inasema kipimo kilifanyika na matokeo ni haya. Muuguzi hakuisema. Mama hakuisema. Aliyeandika kanuni hakuisema, wala hata hakuiwazia. Kuna ushuhuda wa uongo uliotolewa, na shahidi hayupo.

Augustino, askofu wa Hippo huko Afrika Kaskazini, aliandika kitabu kizima kuhusu uongo karibu mwaka 395. Kwake yeye anayesema lisilo kweli huku akiliamini si mwongo, amekosea tu. Uongo unahitaji nia, moyo wenye jambo moja na ulimi wenye jingine. Kwa kipimo hicho mashine pepe haiwezi kamwe kusema uongo, maana haina imani ya kuisaliti. Hoja hiyo ni ya kweli, na bado haitoshi. Augustino alikuwa anapima dhamiri ya msemaji. Hakukutana na chombo kinachochukua ukimya wa mtu mmoja na kuutangaza kama kauli kwa maelfu. Nia katika chombo cha namna hiyo haikai pale kauli inapotoka. Imekaa nyuma, siku ile mtu alipoamua kwamba pasipo na kitu pawekwe sifuri kwa sababu hesabu zitakwenda vizuri. Uamuzi huo ulionekana wa kiufundi. Ulikuwa uamuzi wa kimaadili, na anayeurithi bila kuukagua anaurithi na dhima yake.

Pale Mbozi kuna ushahidi wa zamani zaidi wa ugumu wa kuusoma utupu. Kimondo kilichoko Ndolezi, donge la chuma lenye urefu wa mita 3 hivi, kilianza kujulikana kwa wageni mwaka 1930, ingawa wenyeji walikuwa nacho tangu zamani. Kitu kizito hivyo kikishuka kutoka angani hutarajiwa kuacha shimo. Kuzunguka kimondo hicho shimo halionekani. Mtu mwenye haraka angesema: hakuna shimo, basi hakikuanguka. Wanaokichunguza husema jingine: kilianguka zamani mno, na mvua na udongo wa miaka maelfu vimelifukia shimo lake. Kati ya shimo lisilokuwepo na shimo lililofutika, macho hayaoni tofauti yoyote. Tofauti iko kwenye historia, na historia haiingii kwenye kisanduku ila mtu aiandike.

Dini zimelijua jambo hili kabla ya kompyuta. Wakristo wa Mbozi, ambao wengi wamelelewa katika Kanisa la Moravian lililofika huko zaidi ya karne moja iliyopita, wanakijua kisa cha Ayubu. Rafiki zake walipomfikia walikaa naye siku 7 bila kusema neno, na kwa hilo hakuna aliyewalaumu. Kosa lao lilianza walipofungua vinywa na kuujaza utupu: amepatwa na haya, basi ametenda dhambi. Mwishoni mwa kitabu Mungu anawakasirikia wao, si Ayubu aliyelia na kuhoji. Walikuwa na nia njema. Walishindwa kuvumilia pengo. Na kwa Waislamu yupo Imamu Malik wa Madina, aliyefariki mwaka 795, ambaye sifa yake mojawapo ilikuwa wepesi wa kujibu “sijui” hata kwa mtu aliyesafiri mbali kumuuliza. Hata leo shehe wa Pwani humaliza jibu lake kwa kusema Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi. Katika mapokeo yote mawili “sijui” ni neno kamili, lina heshima yake, na kulipindua kuwa jibu ni dhuluma.

Kuna pingamizi lenye uzito. Kama kila utupu utaachwa uwe utupu, na kila hesabu inayougusa ikatae kutoa jibu, zahanati moja iliyochelewesha fomu itazuia jumla ya wilaya nzima. Waziri hatapata takwimu, vyandarua havitaagizwa, na ukweli uliolindwa kwa bidii hautamwokoa mtoto yeyote. Wanaosema hivi wamewahi kufanya kazi; hawatetei uvivu. Ila wanachohitaji ni jumla, na jumla inaweza kutolewa bila kudanganya ikifuatana na namba ya pili. DHIS2 yenyewe hukokotoa kiwango cha uwasilishaji: fomu zilizofika kwa zile zilizotarajiwa. Tuseme vituo 10 vilitarajiwa na 8 vikaleta, na vifo ni 4. Kusema “vifo 4” kunawahesabu walio kimya kama wasio na msiba. Kusema “vifo 4 kutoka vituo 8 kati ya 10” kunawaacha wale wawili mahali pao, wakisubiri kupigiwa simu kutoka Vwawa, makao makuu ya wilaya.

Hata mafundi wenyewe utupu huu uliwasumbua. Tony Hoare, Mwingereza aliyeingiza null katika lugha ya ALGOL W mwaka 1965, alisimama jijini London mwaka 2009 akaiita kosa lake la dola bilioni moja. Aliiweka kwa kuwa ilikuwa rahisi kuiweka. Edgar Codd, baba wa hifadhidata za uhusiano, alikwenda mbele zaidi: katika kitabu chake cha mwaka 1990 alipendekeza alama mbili za utupu, moja kwa kinachohusika ila hakijulikani, nyingine kwa kisichohusika kabisa. Umri wa mimba wa mjamzito ambaye hakuulizwa ni wa aina ya kwanza. Umri wa mimba wa mwanamume ni wa aina ya pili. Watengenezaji wa hifadhidata waliona ni mzigo, na SQL, lugha ya hifadhidata hizo, imebaki na NULL moja hadi leo.

Kuna mpangilio mmoja katika DHIS2 ambao ungestahili kujadiliwa na watu wengi kuliko wanaoujua. Kwa kawaida mfumo hauhifadhi sifuri zinazoingizwa. Huzitupa ili kuokoa nafasi, isipokuwa anayeunda kipengele cha takwimu aamue kwamba sifuri yake ina uzito. Pasipo uamuzi huo, muuguzi aliyekagua kitabu cha leba ukurasa kwa ukurasa na kuandika 0 anafanywa sawa na aliyeacha wazi bila kukifungua. Kwa vipengele kama vifo vya uzazi na vya watoto wachanga, uamuzi huo haufai kuachwa kwa fundi wa seva peke yake. Anayejua sifuri ipi imehesabiwa na ipi haikuhesabiwa ni yule anayejaza fomu Iyula, na ana haki ya kuwapo kwenye kikao ambapo kipengele hicho kinaundwa.