Ndizi Yenye Doa

 

Mama yuko jikoni, anamenya ndizi. Moja ina doa jeusi. Haitupi. Wala hasemi doa halipo. Kisu kinapita, doa linabaki kwenye maganda, ndizi inaingia sufuriani.

Pale kwenye makaburi ya Kaboya, wilayani Muleba, wamelala askari wetu wa Vita vya Kagera. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivuka mpaka. Yakaua, yakapora, yakavunja daraja la Kyaka. Vijana wakaenda. Wengine hawakurudi. Wengine walirudi, wakaishi nasi vibanjani.

Na waliorudi ni watu, wana madoa kama ndizi ile. Tuseme mmoja alikuwa akimpiga mkewe. Tuseme alimkana mtoto wake. Je, tuifute vita yake? Hapana. Alipigana kweli. Adui aliondoka kweli. Watu wa Kyaka walirudi makwao kweli.

Je, basi mke anyamaze kwa kuwa mume ana nishani? Hapana pia. Nishani ilitolewa kwa kazi ya vitani. Haikununua ukimya wa nyumbani. Sisi nasi tumezidi: tukifika msibani, kila marehemu anakuwa malaika, na aliyeumizwa naye anaambiwa afute machozi akagawe chai.

Leo, ukimsikia mtu anamsifu shujaa, msifu naye. Na mjane wa shujaa akianza kusimulia yake, tafadhali, usimkatize.