Bei ya Kiatu na Ujira wa Fundi
Mji wa Northampton, Uingereza, ulisifika tangu kale kwa mafundi wa viatu. Katika karne ya 20 kazi nyingi za ngozi zilihama Ulaya zikaenda Asia, ambako ujira ulikuwa mdogo. Ujira ulipopanda China, kampuni ya Huajian ya huko ilifungua kiwanda karibu na Addis Ababa mwaka 2012. Je, tuseme tajiri amekosa? La, waliokuwa bila kazi wamepata riziki. Lakini kazi ikiufuata ujira mdogo daima, fundi aliyeongezewa mshahara leo aogopa kufukuzwa kesho. Nasi wanunuzi tumo. Atazamaye bei tu asiulize ujira, huvaa jasho ambalo hakulilipia.