Rukhsa na Hila Katika Kutafuta Kazi Ng'ambo

Katika maswali ambayo vijana wetu na wazee wao huyauliza sana siku hizi ni hili: Jee! yafaa mtu kutafuta ruhusa ya kazi katika nchi za ng'ambo kwa njia isiyokuwa na mtihani wa lugha ya Kiingereza? Wako wanaojibu kwa haraka kwamba hapana ubaya wowote, kwani riziki hutafutwa popote ilipo. Na wako wanaojibu, kwa haraka hiyo hiyo, kwamba kila aukwepaye mtihani ni mdanganyifu. Sisi twaona kwamba majibu yote mawili yamekosea, kwa kuwa yamechanganya mambo mawili yaliyo mbali mbali, nayo ni rukhsa na hila.

Rukhsa ni nafuu itolewayo na yule yule aliyeiweka amri. Msafiri akipunguza sala hakuikimbia ibada, bali ametumia nafuu aliyopewa na Mwenye kuiamrisha. Ama hila ni nafuu ambayo mtu amejipa mwenyewe, kisha akaivika nguo za amri ili asijulikane. Kwa nje mambo haya huenda yakafanana, kwani wote wawili wamefika bila ya kubeba mzigo wote. Lakini alama ya kuyapambanua ni nyepesi. Mwenye rukhsa aweza kumweleza afisa wa uhamiaji njia yote aliyoipitia, wala lisiharibike neno. Mwenye hila akisema kweli, yote aliyoyajenga huanguka.

Basi natuyaangalie mambo yenyewe yalivyo. Serikali ya Uingereza humtaka aombaye ruhusa ya kazi ya ujuzi athibitishe kwamba aijua lugha yao, na tangu tarehe 8 Januari 2026 kipimo hicho kimepandishwa kwa waombaji wapya kutoka daraja iitwayo B1 hadi B2. Lakini sheria hiyo hiyo imefungua milango mingine. Raia wa nchi zilizomo katika orodha yao, kama vile Jamaica na Malta, hapimwi. Na aliyepata shahada ya chuo kikuu iliyofundishwa kwa Kiingereza aweza kuitoa hiyo mahali pa mtihani, baada ya kuthibitishwa na shirika la Ecctis. Kijana wa Mombasa aliyemaliza chuo kikuu hapa Kenya akaishika njia hii hakumdanganya mtu yeyote. Hiyo ni rukhsa, na ajabu ni kwamba wengi hulipa fedha nyingi kwa madalali hali ya kuwa njia hii haijui hata mmoja katika nyumba yao.

Huko Kanada nako, ruhusa ya kazi ifungamanayo na mwajiri mmoja haikuwekewa mtihani mmoja wa lugha kwa waombaji wote. Lakini afisa amepewa haki ya kumkataa mtu akiona sababu ya kuamini kwamba hawezi kuifanya kazi aliyoiombea, na lugha ni katika uwezo huo. Tena mwajiri akihitaji idhini ya serikali ya kumwajiri mgeni, ada yake ni dola 1,000 za Kanada, nayo ni juu ya mwajiri, wala si halali kumtoza mfanyakazi. Basi dalali akikwambia umpe fedha za idhini hiyo, jua kwamba kabla hujaondoka kwenu umekwisha ingizwa katika kuvunja sheria ya nchi uiendeayo.

Ama nchi za Bara Arabu, ambako wengi wa watu wetu huenda kwa kazi za nyumbani, udereva na ulinzi, huko hawaulizwi mtihani wa Kiingereza. Kwenda huko hakuna hila ndani yake, maadamu wakala amesajiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Ajira iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, na mkataba umeandikwa kabla ya safari.

Hizo ndizo rukhsa. Sasa tuje kwenye hila. Hila ni kununua cheti cha kughushi, au kumkodi mtu aketi mtihani kwa jina lako, au kumlipa msimamizi akuandikie alama ambazo hukuzipata. Haya hayana jina jengine ila ushahidi wa uwongo, kwani cheti ni shahidi anayesema kwamba fulani bin fulani aweza kusikia, kusoma, kuandika na kusema. Mwenye kukinunua amemnunua shahidi wa uwongo, na dini yetu imeihesabu dhambi hii katika makubwa.

Lakini hatutaki kuwadharau wanaotoa hoja, kwani hoja zao zina uzito. Husema: Kanuni hii yenyewe ni dhulma. Mtoto wa Kenya hufundishwa kwa Kiingereza tangu shule za chini mpaka chuo kikuu, na Katiba ya mwaka 2010 imeifanya lugha hiyo kuwa lugha rasmi pamoja na Kiswahili. Waingereza ndio walioileta hapa, kisha wao wao ndio watupimao kwayo, wakamwacha mtu wa Jamaica apite! Nasi twakiri kwamba malalamiko haya si ya bure, na inafaa serikali yetu iyafikishe kwa wenziwao. Lakini dhulma ya kanuni haimpi mtu haki ya kusema uwongo, khasa ikiwa mzigo wa uwongo huo hautamwangukia aliyeiweka kanuni, bali utamwangukia mtu wa tatu asiyekuwa na kosa.

Na ushahidi wa haya upo. Mwaka 2014 televisheni ya BBC ilifichua kwamba katika baadhi ya vituo vya mtihani wa Kiingereza uitwao TOEIC huko Uingereza, watu wengine walikuwa wakiketi mahali pa wageni waliouhitaji mtihani kwa ajili ya viza zao. Shirika la Kimarekani lenye mtihani huo, ETS, likapitia mitihani 58,458 iliyokuwa imefanywa nchini humo, likatangaza kwamba 33,663 ni batili na 22,476 ni ya kutiliwa shaka. Mitihani isiyoonekana na ila yoyote ilikuwa 2,319 tu, yaani haikufika minne katika kila mia. Serikali ikafuta viza za maelfu ya watu. Jee! wote hao walikuwa wadanganyifu? La! Baadhi yao walikwenda mahakamani wakashinda, lakini baada ya miaka kupita, masomo yamekwisha katika na majina yao yamekwisha chafuliwa. Mtu aliyejua lugha vizuri, aliyeketi na kalamu yake kwa haki, aliambiwa mwongo kwa sababu ya waliomtangulia katika chumba kile. Basi anunuaye cheti hapa kwetu na adhani kwamba aliyemdhuru ni Mwingereza, lakini kwa hakika amemdhuru kijana wa jirani yake atakayeomba mwaka ujao kwa haki, akatazamwa kwa jicho la shaka.

Wengine husema: Sisi tuna dharura, na dharura huhalalisha. Twajibu kwamba ufukara ni mzito, wala hatuudharau, lakini dharura ina mpaka wake. Wanavyuoni waliomruhusu mwenye njaa kula mzoga hawakumruhusu amuue mwenziwe ili ale. Ukomo wa nafuu ni pale dhara imfikiapo mwengine. Na dhara hii si ya kudhaniwa tu. Mfikiri mtu aliyepata kazi katika hospitali kwa cheti cha kununua. Aambiwa kwa haraka ampe mgonjwa dawa kiasi fulani, na katika Kiingereza fifteen, yaani kumi na tano, na fifty, yaani hamsini, kwa sikio lisilozoea ni karibu ya neno moja. Mgonjwa yule mzee alikitegemea kile cheti bila ya yeye mwenyewe kukiona. Amana ile ilikuwa yake, nayo imekhiniwa.

Hapa ndipo lilipo jambo ambalo twapenda kulitilia mkazo kuliko yote. Rukhsa hupunguza, wala haifuti. Msafiri hupunguza rakaa, lakini haachi kusali. Kadhalika aliyesamehewa mtihani amesamehewa kupimwa tu, hakusamehewa kujua. Anayekwenda Kanada au Uingereza kwa njia ya halali isiyo na mtihani bado ana wajibu wa kuijua lugha kwa kadiri ya kazi yake. Na yule anayekwenda Bara Arabu asidhani kwamba kwa kuwa hakuulizwa Kiingereza basi hakuna lugha inayomkabili, kwani atawekewa mbele yake mkataba wa Kiarabu autie sahihi. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani yahusu kuandika deni, nayo yaagiza kwamba asiyeweza kusema ya kuandikwa mwenyewe, msimamizi wake amsemee kwa uadilifu. Hekima yake ni wazi, kwani maandishi yasiyofahamiwa na mwenye kufungwa nayo hayamlindi. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwamrisha Zaid bin Thabit ajifunze maandishi ya Mayahudi ili barua zake zisitegemee mikono ya wengine, naye akajifunza kwa muda mfupi. Basi kujifunza lugha ya wageni ni silaha ya kujikinga, wala si unyonge kwao.

Kwa hivyo, enyi wazazi, kabla hamjauza shamba au dhahabu za mama kumpa dalali anayeahidi "ruhusa bila ya mtihani", muulizeni mambo matatu: Ni kifungu gani cha sheria ya nchi ile kinachomsamehe mwanangu? Fedha hizi ni za nini, na sheria yamtaka nani azilipe? Na kazi hiyo bado iko? Kwani wapo wanaouza mpaka leo kazi za kutunza wazee Uingereza, hali ya kuwa mlango huo ulifungwa tarehe 22 Julai 2025 kwa wanaoajiriwa kutoka ng'ambo. Asiyeweza kujibu haya mbele ya watu wawili mnaowaamini, basi anachokiuza ni hila.

Nanyi vijana, fedha ya kununulia cheti yatosha kumlipa mwalimu kwa miezi mingi. Cheti cha uwongo hukwisha thamani siku kinapogunduliwa, na lugha uliyojifunza hutembea nawe hata ukirudi nyumbani. Na sisi tulio na madarasa ya jioni misikitini na majumbani, yatupasa tutenge saa moja ya Kiingereza na moja ya Kiarabu cha mikataba, kwa kuwa tukiwakataza watu mlango wa hila bila ya kuwaonyesha wa halali, tutakuwa tumefanya nusu ya kazi yetu.

Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuruzuku na mwenye kuongoza.