Je, Kujiuzulu Hufuta Haki ya Aliyedhulumiwa?

 

Katika darsa yetu ya baada ya Isha, ndugu mmoja alitusomea khabari za aibu zilizowafika makasisi wa Kikatoliki, akaziunga na khabari ya Papa Benedict wa 16, aliyejiuzulu mwaka 2013. Alipomaliza, watu walicheka, na mmoja akasema, "Alhamdulillahi, sisi hatuna mambo hayo." Mimi sikucheka, wala sikumjibu. Nilinyamaza kwa sababu nitakayoieleza mbele. Lakini kicheko kile kimenikaa moyoni, nami nimeona si halali kuendelea kunyamaza.

Mwaka ule wa 2013 nalikuwa nikisomesha huko Homa Bay, ukingoni mwa Ziwa. Wasomaji wetu wa Mombasa, Malindi na Lamu, wengi wao huko hawakujui ila kwa jina, na wakiambiwa kuna Waislamu hustaajabu. Waislamu wapo. Kendu Bay ni mji wenye misikiti tangu zama za wazee, na Migori mjini adhana husikika. Lakini ni wachache katikati ya Wakristo, na Wakatoliki khasa wana nguvu: Jimbo lao la Homa Bay, lililokatwa kutoka Jimbo la Kisii mwaka 1993, lashika kaunti zote mbili, Homa Bay na Migori, pamoja na shule zake na hospitali zake.

Basi tarehe 11 Februari, siku ya Jumatatu, khabari ikaja katika redio kwamba Papa amewaambia makadinali wake, kwa lugha ya Kilatini, kuwa nguvu zake zimepungua kwa uzee, na kwamba tarehe 28 ya mwezi ule atakiacha kiti. Jambo hili lilikuwa halijatokea kwa muda wa karibu miaka 600, tangu Gregory wa 12 alipoacha mwaka 1415. Kenya ilikuwa katika kampeni za uchaguzi wa tarehe 4 Machi, na kila mtu aliyekaa penye banda la chai alikuwa akizungumza habari za viti. Mzee mmoja Mkatoliki, mvuvi, alisema kwamba amefurahi kumwona mtu mkubwa akiondoka kitini kwa miguu yake mwenyewe, maana hapa kwetu watu hutolewa kwa jeneza au kwa vita. Mwenzake akamjibu kwamba mchungaji hawakimbii kondoo zake wakati fisi wamo zizini. Akakusudia kwa fisi wale makasisi waliowaharibu watoto, na maaskofu waliowaficha. (Na kijana wa Legio Maria, madhehebu yaliyojitenga na Wakatoliki katika nchi ile ile, nayo yana Papa wao wenyewe na mlima wao mtakatifu wa Got Kwer huko Migori, aliwasikiliza wote wawili akitabasamu.)

Wa tatu alikuwa mwanamke muuza omena. Yeye alimkumbusha kila mtu yale maneno ya Papa ya Machi 2009, alipokuwa katika ndege akielekea Cameroon, kwamba kondomu haziondoi ukimwi bali zaweza kuuzidisha. Alisema: "Na aje ahesabu makaburi yetu." Wala hakuwa akitia chumvi. Uchunguzi wa serikali wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba Homa Bay, karibu watu wazima 20 katika kila 100 walikuwa na virusi vya maradhi haya, hali ya kuwa nchi nzima walikuwa karibu 5. Lakini mzee mvuvi alimuuliza, na mayatima wa makaburi hayo walilelewa na nani? Hapo yule mama alinyamaza, kwani kila mtu upande ule aijua hospitali ya St. Camillus ya Karungu, katika Migori, na nyumba ya watoto ya Dala Kiye iliyo kando yake, ambayo ni kazi ya Wakatoliki hao hao. Mimi nami nilinyamaza, kwa kuwa nilikumbuka hutuba zetu wenyewe juu ya kondomu, na sikukumbuka nyumba yetu ya mayatima hata moja katika ukingo ule.

Sasa tuingie katika mas-ala. Kwanza, je, yafaa kiongozi kuvua uongozi alioupewa? Katika taarikh yetu yako yote mawili. Sayyidna Uthman (r.a.) alizingirwa nyumbani kwake katika mwaka 35 wa Hijra, akatakiwa aache ukhalifa, akakataa mpaka akauawa, kwa kuwa aliona ile ni nguo aliyovishwa na Mwenyezi Mungu. Na Sayyidna Hasan bin Ali (r.a.) katika mwaka 41 aliuacha kwa Muawiya ili damu ya Waislamu isimwagike. Wote wawili twawataja kwa radhi. Na Abu Dharr (r.a.) alipotaka kupewa kazi, Mtume (s.a.w.) alimjulisha kwamba yeye ni dhaifu, na kwamba uongozi ni amana ambayo Siku ya Kiyama itakuwa hizaya na majuto, ila kwa aliyeichukua kwa haki yake. Basi mzee wa miaka 85 akisema sina nguvu tena, katika hilo peke yake hapana la kumlaumu, awe wa dini gani.

Mas-ala ya pili ndiyo nzito. Huyu aliyeondoka, hesabu yake yafungwa siku ile aliyoondoka?

Hapa yapasa tuhukumu kwa insafu. Qur'ani katika Suratul Maida, aya ya 8, yatukataza chuki yetu kwa watu isitupeleke katika kutowafanyia uadilifu. Na mtu huyu sisi tulikuwa na sababu ya kumchukia. Tarehe 12 Septemba 2006, katika chuo kikuu cha Regensburg, Ujerumani, alinakili maneno ya mfalme mmoja wa kale wa Konstantinopoli yenye kumtukana Mtume wetu. Ulimwengu wa Kiislamu ulitikisika. Siku tano baadaye, huko Mogadishu, aliuawa kwa risasi Sista Leonella Sgorbati, mtawa aliyeishi Kenya miaka mingi na aliyekuwa akiwasomesha Wasomali uuguzi, na pamoja naye akauawa mlinzi wake, Msomali. Wengi waliliunganisha jambo hili na lile. Na iwapo waliomuua walidhani wanamlipia kisasi Mtume (s.a.w.), basi ni nani aliyewafundisha kwamba kosa la mzee aliye Ujerumani hulipwa na mwanamke mkunga aliye Mogadishu? Novemba ya mwaka ule Papa alikwenda Istanbul, akasimama kimya katika Msikiti wa Sultan Ahmed pamoja na mufti. Haya nayo yaandikwe katika hesabu yake.

Ama kuhusu watoto waliodhulumiwa, hesabu yake ina pande mbili. Aliwavua ukasisi watu wengi wenye makosa haya, na aliwaandikia Wakatoliki wa Ireland mwaka 2010 akiikiri aibu. Lakini Januari 2022 ilitoka ripoti iliyoagizwa na jimbo la Munich lenyewe, alikokuwa askofu mkuu baina ya 1977 na 1982, ikamtia makosani katika mambo 4 ya makasisi walioachwa waendelee na kazi. Kwanza alikana kuwapo katika mkutano mmoja wa Januari 1980, kisha akarudi akakiri kwamba alikuwapo, akasema kosa lilitokea katika kuandika majibu. Aliomba msamaha kwa waliodhulumiwa, lakini hakukiri kwamba alificha. Akafa tarehe 31 Desemba mwaka ule ule. Angalieni: aliacha kiti mwaka 2013, na swali la mwaka 1980 likamfuata mpaka katika kitanda chake cha mwisho. Waliouliza hawakuuliza habari ya kiti.

Na hapa kwetu Kenya, askofu wa Ngong, Cornelius Schilder, alijiuzulu mwaka 2009, na watu wakaambiwa ni kwa afya. Mwaka 2011 ikatoka katika magazeti kwamba nyuma yake palikuwa na mashtaka ya kumdhulumu kijana wa Kimasai. Tofauti ya neno "afya" na neno "mashtaka" ni kubwa kwa kijana yule. Kwa neno la kwanza, yeye hayuko kabisa. Mzee ameugua, ameombewa dua, amekwenda zake.

Sayyidna Umar (r.a.) hakufanya hivi. Watu wa Kufa walipomshitaki amiri wao, Saad bin Abi Waqqas, ambaye ni katika waliobashiriwa Pepo, Umar hakusema huyu ni sahaba mkubwa, tumsitiri. Alimwita, akamuuliza, kisha akatuma watu pamoja naye Kufa, wakazunguka msikiti kwa msikiti wakiuliza hadharani. Wote walimsifu, ila mtu mmoja katika msikiti wa Bani Abs, naye alikuwa mwongo. Juu ya hayo Umar alimwondoa, na alipokuwa akifa aliwaeleza watu kwamba hakumwondoa kwa udhaifu wala kwa khiyana. Mwenye kosa angejulikana, na asiye na kosa alijulikana kuwa hana. Mashtaka yalisikizwa, na sababu ilisemwa.

Kwetu neno tunalolitumia si "afya." Neno letu ni "sitara." Husemwa kwamba amsitirie Muislamu, Mwenyezi Mungu atamsitiri, na hili ni kweli, limethubutu kwa Mtume (s.a.w.). Lakini wanavyuoni wamepambanua baina ya haki za Mwenyezi Mungu na haki za waja. Mtu aliyekunywa tembo faraghani kwake akajuta, msitirie. Aliyemdhulumu mtoto wa mwenzake, utamsitirije na haki si yako? Toba ya dhambi iliyo baina ya mtu na Mola wake ina masharti matatu: kuiacha, kuijutia, na kuazimia kutoirudia. Ikiingia haki ya mja huwa na la nne, nalo ni kumrudishia mwenyewe haki yake au kupata radhi zake. Imam Nawawi ameyataja mahali sita ambapo kumsema mtu si ghiba iliyokatazwa, na katika hayo ni mwenye kudhulumiwa kushitaki, na kuwatahadharisha Waislamu na shari.

Na wako wasemao: waleteni mashahidi wanne. Hawa wameichukua sheria iliyowekwa kulinda heshima za watu wasisingiziwe, wakaifanya ngao ya mbwa-mwitu. Mashahidi wanne ni wa kusimamisha hadi ya zina. Si sharti la kumwondoa mwalimu mbele ya watoto, wala si sharti la kwenda polisi, na nchi hii ina sheria ya makosa haya tangu mwaka 2006. Akisema mtu kwamba kwenda polisi ni kumpeleka Muislamu kwa wasiokuwa Waislamu, aulizwe, gari lake likiibiwa hupeleka wapi khabari?

Sasa nieleze kwa nini sikucheka.

Kabla sijakwenda Homa Bay nalikuwa katibu wa kamati ya chuo kimoja cha hapa pwani; sitakitaja. Mama mmoja alikuja akalia mbele yetu kwamba mwalimu amemfanyia mwanawe, wa miaka 9, jambo lisilotajika. Tulikaa baada ya Maghrib mpaka Isha. Tuliyoyazungumza zaidi ni maadui wetu watasema nini. Mwalimu alikuwa na sauti nzuri ya kusoma na familia ya watu wema. Mwisho mmoja wetu akasema, "Bara wana shida ya walimu." Nikapewa kazi ya kuandika barua, nikaiandika, kwamba ni mtu wa tabia njema na anaondoka kwa hiari yake. Nikatia sahihi.

Mwaka 2013, wiki chache baada ya mazungumzo yale ya banda la chai, nilialikwa katika mji mdogo wa kaunti ya Migori kuwajaribu watoto wa chuo. Nikamkuta. Alinikumbatia kwa furaha, akaniambia mbele ya wazee wa msikiti kwamba mimi ndiye niliyemwandikia. Watoto walikuwa kiasi cha 30, Waluo na Wasomali na wengineo, wazazi wao wameingia katika dini juzi, na kila wanachokijua katika Uislamu wamekijua kwake. Hiki ndicho tulichowapelekea watu wa bara: yule tuliyemwona hafai kwa watoto wetu.

Nilikaa siku tatu ndipo nikawaambia wazee. Mkubwa wao hakunikasirikia. Aliniletea barua yangu katika bahasha ya nailoni, akaniomba nimsomee tena, pole pole, kwani Kiswahili chetu cha pwani kilikuwa kigumu kwake. Nikamsomea. Mwalimu aliondolewa siku ile, nao wazee walikwenda polisi, jambo ambalo sisi wenye ilimu hatukulifanya.

Ndugu yule aliyesema kwamba sisi hatuna mambo hayo nimemwendea nyumbani, nikamweleza yote haya kabla sijayaandika, nikamwambia pia kwamba kwa yule mama nilikwenda kuomba radhi mwaka ule ule, nikiwa nimechelewa, na hakunipa. Aliniuliza mtoto yuko wapi sasa. Nikamjibu kwamba yuko papa hapa mjini, ni mtu mzima, ana kazi yake. Lakini msikitini haonekani.