Nani Atawasha Moto?

Nyumba ya tembe ya mjomba wangu pale Kinampanda haikubomolewa na mtu. Niliifunga mimi. Mjomba alipofariki nilitia kufuli mlangoni, nikamkabidhi jirani ufunguo, nikamwambia, "Ni kwa muda tu, mzee wangu, nitarudi kuishughulikia." Mzee yule, Mnyiramba asiyependa maneno mengi, akaniuliza moto atawasha nani. Nikacheka. Nilidhani anazungumzia mapishi.

Aliyelelewa kwenye tembe ameshamwelewa. Paa lake ni bapa: boriti, fito, nyasi, kisha udongo juu. Ndani kuni huwaka kila siku, na moshi ule unaowatoa wageni machozi ndio unaofukuza mchwa na bungua. Kiangazi kikielekea mwisho, mwenye nyumba hupanda juu na udongo wake kusiliba nyufa. Mimi niliondoa moto, nikamwondoa na msilibaji. Mvua za mwaka wa kwanza zilipata ufa. Za mwaka wa pili zikakuta boriti zimeshakuwa unga.

Nilimkumbuka mzee yule miaka mingi baadaye, nikisoma habari za kitu ambacho sijamsikia mtu wa Kinampanda akisema amekipanda: rolakosta ya mbao. Usiyeijua, fikiria basi linaposhuka mlima Sekenke, tumbo likibaki juu na wewe ukiwa chini. Sasa fikiria watu wanalipa nauli washushwe Sekenke, wavutwe tena juu kwa mnyororo, washushwe tena, ndani ya vibehewa vinavyopita juu ya mbao. Kila watu na starehe zao.

Wamarekani walizipenda kupita kiasi. Katika miaka ya 1920 inakadiriwa walikuwa nazo zaidi ya 1,500. Kufikia miaka ya 1960 hazikutimia 200. Sababu zinazotajwa ni kubwa kubwa: mdororo wa uchumi ulioanza 1929, vita, magari na televisheni kuzipokonya wateja, bei ya viwanja kupanda. Mwaka 1959 Disneyland ikafungua Matterhorn, ambayo vibehewa vyake vilipita juu ya mabomba ya chuma, na watengenezaji wengi wakaiacha mbao. Sibishi. Lakini kuna sababu ndogo ambayo wasomi huipita haraka, na mimi ndiyo inayoniuma.

Njia ya rolakosta hii ni tabaka za mbao zilizopigiliwa pamoja, juu yake bapa jembamba la chuma. Treni ikipita, mbao hucheza. Zikicheza, misumari na boliti hulegea. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya geti kufunguliwa, fundi huitembea njia nzima kwa miguu, apande mpaka kileleni na ateremke, nyundo na spana mkononi, akigonga na kusikiliza. Mbao iliyochoka hung'olewa, mpya huwekwa. Baada ya miaka 50 huenda mbao za mjenzi wa kwanza zikawa za kuhesabika, na hakuna anayesema si ileile. Fundi huyo ndiye moshi wake.

Pale Coney Island, New York, palikuwa na moja ikiitwa Thunderbolt. Aliyeibuni mwaka 1925 ni John Miller, bingwa wa kazi hiyo, naye aliipitisha juu ya hoteli iliyokuwepo tayari. Watu wakaendelea kuishi humo, treni ikinguruma juu ya dari. Woody Allen aliionyesha nyumba hiyo katika filamu yake Annie Hall ya 1977. Mwaka 1982 Thunderbolt ikafungwa. Ikasimama miaka 18, majani yakiitambalia, mwenye mali akiwa na mipango yake. Novemba 2000 jiji likaleta mashine na kuiangusha, likidai ilikuwa hatari kwa wapita njia. Miaka 3 baadaye baraza la wazee wa mahakama likaamua kwamba ubomoaji ule haukuwa na uhalali. Haki ilipatikana, ila mbao hazikurudi. Watu humlaumu meya. Mimi naanzia 1982, siku fundi alipoweka nyundo chini.

Tusijidanganye kwamba hayo ni ya kwao. Beit al-Ajaib ya Sultani Barghash pale Mji Mkongwe, iliyojengwa 1883, sehemu yake iliporomoka mwaka 2012, ikafungwa kwa wageni. Matengenezo yalipokuja hatimaye, nyumba ilikuwa imeshachoka. Tarehe 25 Desemba 2020, mafundi wakiwa kazini, upande wa mbele ulianguka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakapoteza maisha.

Kwenye rolakosta, zipo zilizopona. San Antonio, Texas, palikuwa na Rocket ya mwaka 1947. Bustani ya michezo ilimokuwa ilifungwa 1980, ikabaki imesimama bure. Familia ya Knoebel ya Pennsylvania ikainunua. Michoro haikuwepo, basi wakatia kila kipande namba, wakaibomoa, wakaisafirisha, wakaiunga upya. 1985 watu wakaipanda tena kwa jina la Phoenix. Huko huko Pennsylvania, mjini Altoona, Leap-The-Dips ya mwaka 1902 ilifungwa 1985, wapenzi wake wakachangishana, na 1999 ikazunguka tena. Miaka 14 kimya, si mbali sana na ile 18 ya Thunderbolt. Tofauti ni kwamba huku alitokea mtu akapanda na nyundo.

Kwa hiyo ukisikia jengo, karakana au maktaba inafungwa "kwa muda", usiulize itafunguliwa lini. Tarehe utapewa tu. Uliza swali la mzee.

Nilirudi Kinampanda nikiwa na fedha za matengenezo mfukoni. Jirani alikuwa uani kwake akimwelekeza mjukuu aliyekuwa juu ya paa, anasiliba. Akaingia ndani, akatoka na ufunguo, akanipa kwa mikono miwili kama nilivyompa mimi. Nikaenda nao. Kuta zilikuwa zimerudi kuwa kichuguu, ila fremu ya mlango ilikuwa bado wima peke yake, na kufuli langu limefungwa.